Gari la Kumpeleka Salha

"Benzi ni Benzi, Kombo! Mjerumani anatengeneza gari, huyo Mjapani wako anatengeneza kitanda!"

"Ndicho anachokitaka bibi harusi! Ndani ya Lexus, Mgaza, husikii hata majirani wakikusengenya."

Bi Tatu, mama wa bibi harusi, aliwatazama mikono kiunoni. Majirani hao kila mmoja alimwahidi gari la rafiki yake. Asubuhi Kombo akampigia simu mwenye Benzi, rafiki wa Mgaza, asije; Mgaza naye akampigia mwenye Lexus, rafiki wa Kombo, kila mmoja akiona lake linatosha. Sasa gari hakuna, na wakwe wanamngoja Salha ng'ambo ya mji.

Hapo ikaingia mtaani sedani nyeusi, ndefu, ikakwamishwa na viti vya wageni. Wabishi wakakimbilia nembo.

"Audi hii! Hapa tunyamaze."

"Audi mbele ya Benzi? Wee!"

Bi Tatu alienda dirishani. "Mwanangu, sikujui. Nifikishie binti yangu kwa mumewe."

Dereva, mpita njia, alishuka. Alihamishia begi lake mbele, akafuta kiti cha nyuma kwa leso yake.

Alasiri alirudi, maua yangali kwenye boneti, mkononi ana kanga mpya ambayo Bi Tatu alimtandikia Salha kitini.

Bi Tatu aliikunja vizuri, akamrudishia. "Mpelekee mama yako. Mwambie nimemshukuru kwa kukuzaa." Kisha akageuka. "Nyie wawili, tokeni mlangoni! Karibu ndani, baba. Sinia lako hatujalifunua."