Kiu ya Tumwagile

Siku hizo mtu ambaye figo zake zimeshindwa kazi hakupelekwa tena kwenye mashine ya kusafisha damu. Sheria ilimtaka mwenzi wake wa ndoa amsafishie damu. Kila jioni Tumwagile alikaa kando ya mumewe, Ambakisye, mikono yao imeunganishwa kwa mirija miwili na kisanduku chenye utando mwembamba. Damu zao hazikuchanganyika. Maji, chumvi na uchafu tu ndivyo vilivyopenya kutoka kwa mume kwenda kwa mke, na figo za mke zikamalizia kazi.

Mwanzoni walimaliza kabla chakula hakijapoa. Mwezi huu miguu ya Ambakisye ilikuwa ikivimba, na taa ya kisanduku ilichelewa sana kugeuka kijani, ishara kwamba damu imesafika. Tumwagile naye alishikwa na kiu ya ajabu, ingawa alipika bila chumvi hata chembe.

"Baba Lusajo, unakula chumvi," alisema.

Ambakisye alitazama ukuta. "Kidogo tu."

"Itakuua. Inavuta maji mpaka yakufike kwenye mapafu."

"Najua."

"Sasa kwa nini?"

"Taa ikigeuka kijani unainuka, mama Lusajo. Unaenda jikoni, unaenda kwa jirani, husemi nami tena mpaka kesho."

Tumwagile alijua ni kweli. Hatimaye taa iligeuka kijani. Hakuchomoa mirija. Alibaki ameketi, akitafuta neno la kumwambia mumewe, asilipate.