Nguchiro Aliyesomea Binadamu

Basi alitokea Nguchiro mmoja aliyerudi kutoka chuo kikuu na shahada ya Sayansi za Binadamu. Mama Kanga na vifaranga wake sita wakamkuta penye mahindi yaliyomwagika njiani.

“Shikamoo, mama. Msiyale hayo.”

“Tangu lini mla mayai akatuhurumia? Na huko ulisomea nini hasa, udaktari? Sheria?”

“Binadamu, mama. Mwili wake, akili yake, mila zake, vyote kwa pamoja. Mwaka huu ana njaa, na mwenye njaa hamwagi mahindi akaenda zake.”

Mama Kanga, roho juu, akarusha kijiti penye mahindi. Mtego ukafyatuka, paa! Akashusha pumzi, kisha akamtazama tena msomi.

“Na kuhusu kanga je, mmefundishwa?”

Nguchiro akameza mate. “Hiyo ni shahada ya pili. Naanza Jumatatu.”

Mama Kanga hakuingoja Jumatatu.