Nguzo za Yohanes

Mwanamume mwenye panga alirudi, na safari hii hakusimama mbali.

Edna alimwona kwa pembe ya jicho. Hakugeuka. Aliendelea kupaka kijivu kwenye majabali, yale makubwa yaliyobebana juu ya Ziwa Nyasa kama magunia ya mahindi ghalani. Alikuwa ametoka Songea kwa ajili ya majabali hayo. Alikuwa amefundisha uchoraji hadi akachoka na mandhari za kalenda, na hapa, siku ya kwanza tu, mkono wake ulikuwa umefunguka wenyewe.

Chini yake, kwenye ghuba ndogo, binti yake Vere alikuwa akichota maji kwa kopo na kuyamwaga. Maji yalimfika magotini.

"Shikamoo, mzee," Edna alisema, macho kwenye turubai.

"Marahaba. Umezing'oa tena, mama."

Alikuwa akimaanisha nguzo. Safu ya miti mikongwe, imechomekwa majini nusu duara na kufungwa matawi ya miiba, ilikuwa imekaa katikati kabisa ya picha na kukata taswira ya majabali majini. Edna hakuwa mtu wa kudanganya kwa brashi. Chora unachokiona, ndivyo alivyowaambia wanafunzi wake kila mwaka. Basi asichotaka kukichora alikiondoa mbele ya macho. Jana alizing'oa, na jioni akazikuta zimerudishwa. Leo alizing'oa akaziburuta hadi juu mchangani.

Vilivyobaki alivipenda vyote: majabali, mtumbwi uliopinduliwa, matete, na gogo lililoelea kando ya matete. Gogo lilikuwa limesogea kidogo tangu jana, ikabidi alifute na kulipaka upya.

"Zimeoza, mzee. Nikimaliza nitakurudishia."

"Si zangu. Ni za mke wangu."

Brashi ya Edna ikatulia hewani.

"Mtoto atoke majini," mzee Yohanes alisema.

"Mtoto wangu namwamrisha mimi. Ziwa si la mtu. Kwani hapo pana nini?"

Mzee alitazama maji, kisha akashusha sauti kama mtu aliye msibani. "Vingine havitajwi ukiwa kando ya maji."

Akaanza kuteremka.

Edna alikumbuka chakula cha jana. Mwanaisha, msichana wa nyumba ya wageni, alikuwa amemwekea ugali na dagaa, kisha akaketi bila kualikwa.

"Mimi mwenyewe mgeni hapa, mwalimu, kwetu Tunduru. Nakupa kama nilivyopewa. Mke wa huyo mzee aliteremka kufua pale pale unapochora. Hakurudi. Hata kanga yake haikuonekana. Polisi wakamchukua mume, wakamwachia. Sasa kazi yake ni kuzunguka na panga, hataki mtu aguse maji yake."

"Si alizama tu?"

"Aliyezama huelea, mwalimu. Au huko Songea maiti zenu ni za chuma?"

Jana Edna alicheka. Leo alimtazama Yohanes akishuka kati ya majabali, na hakuona la kuchekesha.

Mzee alisimama kwenye kichaka, akakata tawi la miiba kwa pigo moja. Akakata la pili. Akayabeba begani. Akapiga hatua chache, akatupa macho majini, akasimama ghafla.

Kisha akatupa matawi chini na kukimbia. Panga lilikuwa mkononi, limeinuliwa, na alikuwa akimkimbilia Vere.

"Vere!" Edna alipiga kelele. "Mkimbie huyo! Asikushike! Mkimbie!"

Vere alikuwa mtoto msikivu. Nyumbani hakuambiwa jambo mara mbili. Aliinua kichwa, akaona panga, akaachia kopo. Mzee alikuwa upande wa nchi kavu, kwa hiyo akakimbilia upande wa pili. Maji yakamfika kiunoni, kisha kifuani.

Edna aliruka kutoka jabali hadi jabali. Nyuma yake turubai ilianguka, hakujali. Aliokota jiwe. Goti lilichubuka, hakulihisi. Alichokiona ni mgongo wa yule mzee na kichwa kidogo cha mwanawe mbele yake.

Yohanes aliingia majini. Akarusha jiwe, likapita juu ya kichwa cha Vere na kutumbukia nyuma yake. Akaokota lingine.

Edna alimuwahi. Alirusha lake kwa nguvu zote alizokuwa nazo, likampata mzee begani. Mzee alianguka kwa magoti, panga likamponyoka na kuzama.

"Usimguse mwanangu!" Edna alikwisha kusimama mbele yake, maji yakiwa kwenye mapaja, anatweta. "Nitakuua, mzee. Haki ya Mungu nitakuua hapa hapa."

Yohanes hakumtazama hata kidogo. Alikuwa akipapasa panga lake chini ya maji kwa mikono miwili, kama kipofu, huku macho ameyakaza nyuma ya Edna.

"Mama," alisema, na alikuwa akilia. "Mwite mtoto. Mwite taratibu."

Edna akageuka.

Vere alikuwa amesimama, maji shingoni, anamtazama mama yake na kungoja aambiwe la kufanya. Upepo ulivuma kutoka nchi kavu, ukisukuma mawimbi madogo kuelekea ziwani. Nyuma ya mtoto kila kitu kilikuwa mahali pake kama kwenye picha: majabali, mtumbwi uliopinduliwa, matete.

Ila gogo lilikuwa limeacha matete, na lilikuwa likija kwa Vere kinyume cha upepo.