Soli Haidanganyi

Mjinga wa siku ile alikuwa fundi viatu, na hilo hakatai. Hata leo akisimulia, huanzia hapo.

Alikuwa amefumba macho. Kiatu cheusi cha kiume kilikuwa mapajani mwake, na kidole gumba kilitambaa juu ya soli kama cha daktari anayetafuta panapouma. Mteja mmoja, aliyeketi na mguu mmoja mtupu, alikuwa amesahau kabisa kwamba ana haraka.

"Nyamazeni!" fundi akaamuru, ingawa aliyekuwa akisema ni yeye peke yake.

Binti yake, mshonaji wa kibanda kile, alisimama mbele yake, mikono nyuma. Asubuhi hiyo alikuwa amemwambia kuna mtu anataka kumuoa, na yeye anamtaka. Jumapili atakuja kuzungumza.

"Anakaa wapi?" fundi alikuwa amemuuliza.

"Si wewe husema mtu haulizwi, huulizwa viatu? Hivi hapa, baba. Viulize."

Hapo ndipo kichwa kilipomvimba. Fundi alijigamba kwamba mji mzima hauna mtaa asioujua kwa nyayo zake.

"Mlimani, kwa mfano," akamwambia mteja, "soli haziliki kabisa. Zinapanda gari, zinashuka gari. Kinachoisha ni kisigino cha kulia tu, kwa kukanyaga mafuta. Viatu vya kule vimetembezwa, havijatembea."

"Na sisi wa Mtaa wa Benki?"

"Nyinyi zinaisha ncha. Mnatembea mmeinama kama bosi yuko nyuma na fimbo. Stesheni, soli inalika yote sawasawa kama sahani, kwa kusimama foleni. Kijana wa Stesheni alishakuja hapa kumtaka huyu. Nikamwambia, mwanangu, aliyezoea kungoja atakuzoesha kungoja. Sokoni ndiyo usiseme, magamba ya samaki mpaka kwenye kamba! Ila hao nawapenda. Kiatu kinanuka, mwenyewe anacheka."

"Yule wa Stesheni nilikuachia, baba," binti akasema. "Huyu sikuachii."

"Soli ikimkubali, nami nimemkubali. Ikimkataa, Jumapili asijisumbue. Mama watoto, umesikia?"

Mkewe, aliyekuwa akishona mikoba kwenye cherehani pembeni, alisema amesikia. Akakata uzi kwa meno.

Fundi akakinusa kiatu. "Rangi mbichi! Hiki kilikuwa cha kahawia, kimepakwa nyeusi juzijuzi. Kuna kitu nafichwa. Na chini ya rangi, harufu ya sanduku. Bwana huyu ana jozi moja ya kutokea, anaionyesha jua mara moja kwa mwaka."

Mteja akapiga paja kwa kicheko.

"Kisigino kimelika upande wa nje. Mbishi huyo! Mtu wa kusimama njiani kubishana, uzito wote mguu mmoja." Fundi akainuka kuonyesha wanavyosimama watu wa namna hiyo, na akaonyesha vizuri sana. "Na hapa kidole cha mwisho kimesukuma ngozi mpaka imetoka nundu. Mkaidi! Hata ng'ombe mzima hakumweza."

"Kwa hiyo anakaa wapi, baba?"

Fundi alichukua sindano nene, akachokoa mshono wa soli, akatoa chembe ya tope jeusi na kuisugua kati ya vidole. Uso ukamng'aa kama wa mwanafunzi aliyepata jibu kabla ya mwalimu.

"Bondeni!" Alipaza sauti mpaka wapita njia wakageuka. "Bondeni, jamani! Tope la kule halitoki hata kwa kisu. Mvua inanyesha Mlimani, salamu zinapokelewa Bondeni. Mtaa gani ule! Njia moja, wasemaji elfu. Nyumba zimebanana hivi kwamba ukipiga chafya huku, nyumba ya tatu wanakuambia pole."

"Unapajua sana," mteja akasema.

"Kazi yangu," fundi akajibu haraka, akakohoa.

"Kwani watu wa kule wabaya?" binti akauliza.

"Nani kasema wabaya? Maneno tu, mwanangu, maneno! Mtu wa Bondeni atakuahidi ghorofa huku amesimama kwenye dimbwi. Na wewe, kwa ulaini wako, utaanza kuchagua mapazia."

Cherehani ilisita, kisha ikaendelea.

"Basi?" binti akauliza.

"Basi imekwisha. Soli imesema." Fundi akakinyanyua kiatu juu ili kila mtu akione, hata muuza magazeti wa ng'ambo ya barabara. "Mwenye kiatu hiki hamuoi binti yangu. Na si wangu tu! Hakuna baba mwenye akili timamu atakayempa binti yake mtu aliyevaa kitu hiki. Bisha!"

Binti aligeuka kumtazama mama yake. Mteja naye akageuka.

Mama akasimamisha cherehani, akavua miwani, na mabega yakaanza kumtikisika kwa kicheko alichokuwa amekibana tangu asubuhi.

"Maneno hayohayo, mume wangu, ndiyo aliyoyasema marehemu baba yangu, siku ulipovivua viatu hivyo mlangoni kwetu."