Kitambaa cha Tunu

Wengine huja kwenye duka la tivii na futi kamba. Mzee Mahimbo alikuja na kitambaa cha kufuma, ambacho marehemu mkewe, Tunu, alikitandika miaka yote juu ya tivii yao ya chogo. Juzi tivii hiyo ilizima jumla.

"Shikamoo mzee. Chukua hii," alisema Shamte, muuzaji. "Inaonyesha mpaka jasho la refa!"

Mzee alilitazama jasho la refa kama anayetazama ukuta. Akatandika kitambaa juu ya tivii. Kikateleza, kikaanguka. Akajaribu kwenye kubwa zaidi, kikaanguka tena.

"Mzee wangu, hizi hazina chogo! Nyembamba kama chapati ya hotelini. Vitambaa vya nini tena?"

"Sasa yeye nitamweka wapi?"

Shamte akaacha kucheka. Akakiokota kitambaa, akakikung'uta, akakishika kwa vidole viwili kikining'inia mbele ya kioo.

"Ila hapa mpira huoni, mzee."

"Naona. Nifungie hiyo hiyo."

Nyuma ya matundu ya kitambaa, refa alikuwa anakimbia vipande vipande, kuelekea katikati ya ua alilofuma Tunu.