Mluzi wa Harlan

Mji ule ulikuwa na kanisa na kilabu cha pombe, lakini jukwaa la kunyongea haukuwa nalo. Aliyehukumiwa alipandishwa juu ya farasi wake mwenyewe chini ya mti, akavishwa kitanzi, kisha farasi akachapwa ili atoke mbio.

Siku ile ilikuwa zamu ya Harlan, aliyemuua mtu kwenye ugomvi wa karata. Mikono yake ilifungwa nyuma. Sherifu Pruitt akampiga farasi kofi la paja, lakini farasi huyo, aliyeitwa Majivu, hakutikisika. Harlan alimfundisha hivyo tangu angali mdogo: hatamu zikiachwa, asimame palepale mpaka asikie mluzi wa bwana wake.

Watu wakaanza kucheka. Sherifu akashika mjeledi kwa hasira. Ngozi ya Majivu ikachanika, damu ikachuruzika hadi kwatoni, na Harlan akausikia mtetemeko wake mapajani.

"Mwache, Pruitt. Yeye hakuua mtu."

"Basi mwambie aondoke!" sherifu akasema huku akihema. "La sivyo nitampiga mpaka aanguke, na wewe utaning'inia vilevile."

Harlan akailamba midomo yake. Mara ya kwanza ilitoka pumzi tupu. Mara ya pili ukatoka mluzi, mwororo, uleule wa kila asubuhi malishoni.

Majivu akaondoka. Alipofika mbali kidogo akageuka, akasimama na kumtazama bwana wake, masikio kayainua, akisubiri mluzi mwingine.