Ghorofa ya Juu Kabisa

"Toa hizo ngazi za dharura," alisema mwenye jengo, kidole chake kikiacha alama ya mafuta kwenye skrini. "Bei ishuke, tumalize mapema."

Mkadiriaji gharama alizitazama zile ngazi. Kwenye modeli ile ya jengo iliyomo kwenye kompyuta, ukifuta kitu, bei na ratiba hujirekebisha papo hapo. Ila moto ukiwaka, wapangaji wangekimbilia wapi?

"Binti, umelala?"

"Niko macho, mzee."

Akashika kipanya, akapanda hadi ghorofa ya juu kabisa, ile ambayo mzee alijitengea mwenyewe pamoja na bwawa lake la kuogelea. Akaifuta yote. Bei ikaporomoka. Ratiba ikafupika.

Mzee akaisogelea skrini.

"Imeshuka kuliko ulivyotaka," alisema binti. "Nihifadhi?"